Vali imekaza, mapigo yamevurugika: kipi hasa cha kuogopa?

«Assalaam alaykum daktari. Mimi ni mama wa watoto sita, nakaa Wete. Binti yangu wa nne ana miaka 26 na mtoto mmoja wa miaka mitatu. Mimba ya yule mtoto ilipofika miezi saba alikuwa akihema sana, tukaambiwa damu ndogo. Msimu huu wa karafuu kila akibeba polo au akipanda kilima moyo unamwenda mbio, wapapatika kama kuku aliyechinjwa, kisha watulia. Tulimpeleka Unguja kapimwa, wakasema vali moja imekaza na mapigo hayana mpangilio. Kapewa warfarini ya kuzuia damu kuganda, na dawa ya kupunguza mapigo, ya kukojoza, na sindano kila wiki nne. Kaambiwa asibebe mimba kwanza, na aende Dar es Salaam. Mumewe ataka mtoto wa pili. Shangazi yake asema ni pepo. Tangu aanze dawa moyo umetulia, na sasa ataka kuiacha warfarini kwa sababu damu ya mwezi inamtoka nyingi. Ramadhani nayo inakuja. Nauliza, ni ugonjwa mkubwa kiasi gani, atakufa? Na jirani yangu naye moyo unamruka, kapimwa kaambiwa si kitu. Mbona yeye si kitu na mwanangu ni kitu?»

Wa alaykum salaam mama, na shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili, na lililonikaa kichwani ni lile swali la mwisho, la jirani. Umeliuliza kama la kupitia tu, lakini ndilo lenye ufunguo, kwa hiyo nitaanza nalo.

Moyo una umeme wake. Chanzo cha umeme huo kipo kwenye chumba cha juu cha kulia, nacho hutoa amri mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia. Mara moja moja pigo huzuka kabla ya wakati wake kutoka mahali pengine ndani ya moyo. Baada yake moyo hupumzika kidogo, kisha hupiga kwa nguvu, na mtu husema «moyo umeniruka». Karibu kila mmoja wetu hupata mapigo hayo, hata asipoyasikia. Kahawa ya barazani ikizidi, usingizi ukipungua, mirungi, damu kuwa ndogo, tezi ya shingo kufanya kazi kupita kiasi, hofu: vyote huyaongeza. Jirani yako akipimwa umbo la moyo likaonekana zima, na wala haanguki kwa kuzimia, basi aliyemwambia si kitu hakumdharau. Kwake yeye kinachosumbua ni kule kusikia tu.

Kwa mwanao mambo yamegeuka. Analolisikia, yaani huko kupapatika, ndilo dogo. Kubwa halisikii kabisa. Na ndiyo maana niliposoma kwamba moyo umetulia na ataka kuacha warfarini, nilishtuka kuliko niliposoma habari ya vali yenyewe.

Nieleze. Moyo una vyumba vinne na vali nne, na vali ni mlango wa kupitishia damu upande mmoja. Kwa maelezo yako, mlango wenye tatizo ni ule wa kushoto, kati ya chumba cha juu kinachopokea damu kutoka mapafuni na chumba cha chini kinachoisukuma mwili mzima. Ni mlango wa mbao mbili, kama ile ya Mji Mkongwe. Ukifunguka kwa mtu mzima mwenye afya, uwazi wake ni sentimita za mraba 4 hadi 6. Ukishuka hadi 1.5 au chini yake, hapo tunasema umekaza sana. Mbao zenyewe mara nyingi hazijaoza. Zimegandana kingoni, kama mlango uliopakwa rangi ukafungwa kabla haijakauka: ukiusukuma, unaachia mwanya mdogo katikati, basi.

Kilichozigandisha kilianza zamani. Jaribu kukumbuka alipokuwa skuli, tuseme miaka 8 hadi 13. Hakuwahi kuvimba goti likapoa, kikafuata kifundo cha mguu, kikapoa, kikafuata kiwiko? Wengi husema hiyo ni baridi yabisi, au mtoto anakua. Akakandwa, yakapita, yakasahauliwa. Mara nyingi kabla ya hapo, wiki mbili hadi nne, mtoto alikuwa na koo lililouma kwa bakteria waitwao streptokoka. Kinga ya mwili ilipoinuka kupambana nao ilishindwa kuwatenganisha na nyama za mwili wenyewe, ikashambulia viungo na ikashambulia vali. Magoti hupona yakasahau. Vali hubaki na kovu, na kovu hilo huendelea kukaza polepole kwa miaka, pengine bila dalili yoyote, hadi siku moyo utakapotakiwa kufanya kazi ya ziada.

Na kazi ya ziada kubwa kuliko zote kwa mwanamke kijana ni mimba. Damu ya mwilini huongezeka karibu nusu nzima, na mapigo huenda haraka. Mlango uliotosha kwa shida sasa hautoshi, damu inarudi nyuma, maji yanajaa mapafuni. Kule kuhema kwa mimba ya kwanza pengine kulikuwa ni vali ikigonga hodi. Simlaumu aliyesema damu ndogo, kwa sababu wajawazito wenye damu ndogo ni wengi na nao huhema. Lakini mjamzito anayeshindwa kulala chali, anayeamka usiku kutafuta pumzi dirishani, huyo asikilizwe kifua na apigwe eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, hata kama damu yake kweli ni ndogo.

Sasa mapigo. Mlango ukikaza, chumba cha juu hulazimika kusukuma kwa nguvu mwaka hadi mwaka, kinatanuka, kuta zake zinapata makovu, na umeme wake unavurugika. Badala ya amri moja zinatoka zaidi ya 350 kwa dakika, kila pembe ya chumba ikiamrisha lake. Chumba hakipigi tena, kinatetemeka. Huyo ndiye kuku wako aliyechinjwa, mama, na sijui kama kitabu chochote cha udaktari kimemweleza vizuri zaidi. Kwa hiyo si magonjwa mawili yaliyompata kwa bahati mbaya. La pili limezaliwa na la kwanza.

Mtetemeko huo una madhara mawili. La kwanza ni pumzi: moyo ukienda mbio, muda wa mlango kubaki wazi unakuwa mfupi, na damu inayopita kwenye mwanya ule mdogo inapungua zaidi. Ndiyo maana amepewa dawa ya kupunguza mapigo. Inaupa mlango muda, na ndiyo iliyomtuliza. La pili ni lile lisilosikika. Damu isiyosukumwa inatuama, kama maji yaliyobaki kwenye vidimbwi vya mwamba bahari ikitoka, na damu iliyotuama huganda. Donge hujificha kwenye kijifuko cha pembeni cha chumba cha juu, halina maumivu wala dalili. Siku likichomoka hupita mlangoni, likaingia kwenye mkondo, na mahali penye damu nyingi pa kwenda ni ubongo. Hicho ndicho kiharusi cha kijana wa miaka 26 au 30, ambacho huku kwetu watu huapa kuwa karogwa.

Na dawa ya kupunguza mapigo haizuii donge. Chumba bado kinatetemeka ingawa yeye hakisikii. Anayezuia ni warfarini peke yake. Niliwahi kumpokea kijana mvuvi mwenye ugonjwa huu huu, kaacha warfarini wiki tatu kwa hoja ile ile ya mwanao, moyo umetulia. Alipoletwa mkono wa kulia ulikuwa haunyanyuki na kauli imekwama. Alipona kiasi. Nyavu hajazishika tena.

Lakini malalamiko ya damu ya mwezi si ya kupuuzwa, na mwanao ana haki ya kuyasema. Warfarini ni dawa yenye njia nyembamba: ikiwa ndogo haikingi, ikizidi inatoa damu. Kipimo chake huitwa INR, huonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, na kwa hali yake tunataka kiwe kati ya 2 na 3. Kwa hiyo jambo la kwanza si kuacha, ni kupima INR wiki hii, na wingi wa damu pia. Pengine dozi imezidi kidogo, na inapunguzwa tu. Kabla hamjaondoka hospitali ulizeni wazi: INR itapimwa wapi, lini tena, na majibu nimwambie nani? Kutumia warfarini bila INR ni kama kuendesha mashua usiku bila taa.

Mchicha, kisamvu na matembele huipunguzia dawa hii nguvu, lakini msimnyime. Ale kiasi kile kile wiki hadi wiki, ndipo dozi itulie. Maumivu yakimpata ameze paracetamoli kwa kiasi. Diklofenaki na aspirini, ambazo kila duka la dawa linauza, asizishike. Kila atakapoandikiwa dawa mpya, hasa metronidazoli au septrini, aseme «natumia warfarini» kabla hajaipokea. Dawa za miti nazo zinaweza kuipandisha au kuishusha. Shangazi akitaka kumsomea dua, amsomee, sina neno, hata kombe anywe. Neno langu ni moja: asiambiwe aache vidonge kwanza ili pepo asikasirike. Hapo ndipo nimepoteza wagonjwa.

Huenda mtu akakuambieni kuna vidonge vipya visivyotaka INR. Vipo, na kwa wazee wenye mapigo ya namna hii wasio na vali iliyokaza ni dawa nzuri. Kwa ugonjwa wa mwanao hasa vilijaribiwa. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao INVICTUS, uliofuatilia zaidi ya watu 4,500 wenye vali zilizoharibiwa kwa njia hii na mapigo yaliyovurugika, katika nchi 24, nyingi zikiwa kama yetu. Waliokuwa kwenye kundi la warfarini walifanya vizuri zaidi kuliko waliopewa rivaroksabani, kimojawapo cha vidonge hivyo vipya, vifo vilikuwa vichache, na kutokwa damu hakukuzidi. Kwa hiyo msiuze kitu cha ndani kununulia vidonge hivyo.

Ile sindano ya wiki nne ni penisilini. Haifungui vali, na nalisema hili kwa sababu wengi wakiona miezi sita imepita na vali ni ile ile huiacha. Kazi yake ni kuzuia streptokoka wasirudi, maana kila shambulio jipya linaongeza kovu juu ya kovu. Kwa vali iliyoharibika sana huendelea hadi mgonjwa atimize umri wa miaka 40 na pengine zaidi. Ale na anywe maji kabla ya kwenda kudungwa, alale wakati wa sindano na apumzike kidogo baadaye. Daktari akiona vali imekaza mno anaweza kumbadilishia vidonge vya penisilini vya kila siku, na hilo lisikushangaze.

Umeuliza kama atakufa. Nikikuficha nitakuwa nimekukosea. Ugonjwa huu ukiachwa huua, na huua vijana, kwa maji ya mapafu au kwa kiharusi. Lakini miongoni mwa magonjwa ya vali, huu wa kugandana ni katika yale tunayoweza kuyafanyia jambo kubwa, na ndiyo sababu kaambiwa avuke maji. Dawa zote anazomeza hazifungui mlango. Mlango hufunguliwa kwa mkono.

Njia ya kwanza kufikiriwa ni puto. Mrija mwembamba huingizwa kwenye mshipa wa kinenani, ukapandishwa hadi moyoni, ukatobolewa ukuta kati ya vyumba viwili vya juu, kisha puto hupulizwa katikati ya vali na kingo zilizogandana zikaachana. Aliyeibuni ni Mjapani, Kanji Inoue, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kifua hakipasuliwi, na mgonjwa mara nyingi hurudi nyumbani baada ya siku chache. Si kila vali inafaa, lakini. Ikiwa imeota chokaa, au inavuja sana pamoja na kukaza, au donge limekwisha kukaa ndani, puto linaweza kudhuru. Hayo huangaliwa kwa eko, pamoja na ile ya kumezeshwa mrija kwenye koo la chakula. Tena puto si la milele. Kingo huweza kugandana upya baada ya miaka kumi au ishirini.

Puto lisipofaa, kinabaki kisu: kutengeneza vali au kuweka nyingine. Ya chuma hudumu sana, lakini inataka warfarini maisha yote bila mchezo. Ya tishu ya mnyama haitaki warfarini ya daima kwa ajili yake yenyewe, ila kwa kijana huchakaa mapema na upasuaji hurudiwa. Na mapigo yakibaki yamevurugika, warfarini itabaki vilevile. Kwa mwanamke anayetaka kuzaa na anayekaa mbali na kipimo, mizani hii ni nzito, na mimi sitaiamua kutoka hapa. Wataiamua yeye na mumewe pamoja na madaktari wa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, wakiwa na picha za moyo wake mbele yao. Najua safari ya Wete hadi Dar es Salaam si nyepesi, boti, malazi, na mtu wa kumsindikiza. Chukueni majibu yote, hata karatasi iliyochakaa, na muiombe hospitali barua ya rufaa yenye namba za eko.

Hili la mimba naomba mkwe wako alisome mwenyewe. Hajaambiwa mkewe hazai tena. Kaambiwa vali ifunguliwe kwanza. Wako wanawake waliofunguliwa vali wakabeba mimba wakajifungua salama, chini ya uangalizi wa moyo na wa uzazi pamoja. Akibeba sasa na vali ilivyo, mimba ile ya kwanza ilikuwa onyo. Na kuna jambo jingine: warfarini huharibu kiumbe, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12, hivyo hubidi kupangwa mapema ni lini itabadilishwa kwa sindano nyingine ya kuzuia damu kuganda. Siku akikosa hedhi aende hospitali siku hiyo hiyo, wala asiiache dawa kimya kimya nyumbani. Kwa sasa apange uzazi. Vijiti vinamfaa. Kitanzi chenye homoni pia kinafaa, na hicho hupunguza hata hiyo damu ya mwezi. Kile cha shaba kitaizidisha. Vidonge vya kawaida vya majira, vyenye homoni mbili, aviepuke kwa sababu vinasaidia damu kuganda.

Ramadhani: kwa vali iliyokaza sana na dawa ya kukojoza mchana kutwa bila maji, mwaka huu mimi nisingemfungisha. Mgonjwa ana ruhusa yake, na shekhe wa mtaa atakueleza habari ya kulipa au fidia. Vali ikishafunguliwa tutazungumza upya.

Yapo mambo ya kutosubiri asubuhi. Mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea ghafla, kauli kukwama, hata ikipita kwa dakika kumi, aende hospitali papo hapo. Kama mpo Pemba, Abdulla Mzee au Chake Chake, popote palipo karibu zaidi. Vivyo hivyo kushindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, kukohoa mapovu yenye rangi ya damu, kinyesi cheusi kama lami, au kuanguka na kugonga kichwa akiwa kwenye warfarini. Na homa isiyoisha: vali yenye kovu huweza kuota wadudu, na Zanzibar ya leo malaria si ya kudhania kila homa. Homa ikipita siku tatu, achukuliwe damu ya kuoteshwa maabara ili wadudu hao waonekane, kabla ya kupewa antibiotiki. Meno yake nayo yatunzwe, wadudu hao huweza kuanzia kinywani.

Nyumbani wewe mwenyewe unaweza kumpima. Weka vidole viwili chini ya kidole gumba chake, kwenye kifundo cha mkono, uhesabu dakika nzima kwa saa. Usihesabu robo ukazidisha, maana mapigo yake hayalingani. Andika kwenye daftari. Yakizidi 100 akiwa ametulia, siku mbili mfululizo, mpigie daktari wake. Mashine ndogo za presha humkosea mtu wa mapigo kama haya, usizitegemee kwa hesabu.

Ugonjwa huu hauambukizi na mjukuu wako hajaurithi. Ila streptokoka wanapenda nyumba yenye watoto wengi wanaolala pamoja, na najua Wete nyumba ni hizo hizo. Mtoto wa skuli akilalamika koo na homa, hana mafua wala kikohozi, na chini ya taya kumevimba, apelekwe kituo cha afya siku hiyo apewe penisilini na aimalize. Wala asipelekwe kukatwa kimeo. Kimeo hakina kosa lolote, na kukikata hakuwazuii hao bakteria kitu.